Kabla hujanunua adapta nyengine

Leo nataka tugombane kidogo, na nijuavyo mimi nitagombana zaidi na mafundi kuliko na nyinyi. Lakini nisomeni hadi mwisho ndipo mnitukane.

Rai yangu ni hii. Nyumba nyingi za hapa Mji wa Kale zina kompyuta ya mezani ambayo wenyewe wasema "haishiki mtandao", na dawa inayoletwa kila mara ni adapta mpya. Ile ndogo ya kuchomeka kwenye USB, kama kidole. Ikishindwa, yaletwa yenye antena. Ikishindwa hiyo, yaletwa yenye antena mbili. Mimi nasema adapta hiyo mara nyingi haina kosa lolote, na hata ile kadi ya mwanzo iliyoambiwa imekufa haikuwa na kosa. Kilichokosekana ni mtu wa kukaa dakika kumi akaangalia, na baada ya hapo, waya.

Nisije nikaambiwa nasema ya watu. Naanza na kwetu.

Mwisho wa 2023 kuna saiba moja mjini ilikuwa yafunga, ikawa yauza mashine zake. Tukachukua moja kwa shilingi 9,000, na skrini, na kibodi, na kipanya. Si mpya lakini si mbovu. Aliyeitaka ni mdogo wangu wa kike. Alikuwa amepata kazi ya mtandaoni ya kusikiliza sauti zilizorekodiwa, mikutano na mahojiano ya watu wa huko nje, na kuziandika neno kwa neno. Walipa kwa dakika ya sauti. Kazi hiyo huwezi kuifanya kwa simu. Nani ataandika saa nzima ya maneno ya Mskochi kwa vidole gumba?

Ruta yetu iko chumba cha mbele kinachotazama barabara, kwa sababu faiba iliingilia dirishani pale na waliokuja kuiunga hawakutaka kwenda ndani zaidi. Siku ya kwanza tukaiweka kompyuta pale pale karibu na ruta, tukachomeka waya. Taa mbili za nyuma zikawaka, moja kijani, moja rangi ya chungwa ikipepesa. Skrini ikasema hakuna intaneti. Tukachomoa, tukachomeka, tukazima, tukawasha. Hakuna.

Akaitwa fundi. Akatazama kama dakika mbili, nyingi ya hizo akizungumza na simu. "Kadi imekufa hii, boss." Akatoa kile kidole mfukoni, shilingi 1,500. Akakichomeka, intaneti ikaja, sote tukafurahi, akapewa na juisi. Tukabeba mashine hadi chumba cha nyuma anapolala mdogo wangu, na hapo furaha ikaisha. Kijistari kimoja, tena cha kuja na kwenda. Fundi wa pili akaleta yenye antena, 2,800. Fundi wa tatu akaleta kifaa cha kupokea mawimbi na kuyarusha tena, 3,500. Piga hesabu mwenyewe. Mamangu alikuwa ashapiga. "Hino kompyuta yala kuliko mtoto."

Halafu ikaja Ramadhani ya 2024. Mdogo wangu alikuwa na faili moja ndefu, ameifanya siku mbili, na saa ya mwisho ya kuituma ilikuwa karibu na daku. Ikatumwa nusu, mtandao ukakatika. Ikaanza upya, ukakatika. Mara ya tatu akachukua simu yake aunganishe bando, bando lilikuwa limekwisha, na saa kumi kasoro za alfajiri utanunua bando kwa pesa zipi wakati M-Pesa yako ina shilingi nne? Faili ilifika imechelewa. Alama zake zikashushwa, na baada ya wiki mbili akaunti ikafungwa kabisa. Ukiwaandikia, wajibiwa na mashine. Hakulia wala hakusema kitu. Alianza kwenda kuandika sivii za watu kwa shilingi hamsini ukurasa, kwenye saiba nyengine ambayo haijafunga bado.

Ndiyo maana huwa sipendi mtu akiniambia haya ni mambo ya watoto na michezo yao ya kompyuta.

Sasa sikizeni nilivyogundua. Jumapili ya tarehe 12 Mei mwaka huo huo wa 2024, kebo mbili za chini ya bahari, EASSy na SEACOM, zilikatika upande wa Afrika Kusini. Mtandao ukazorota Kenya, Tanzania, Uganda, kila mahali. Nakumbuka hapa mtaani siku ile na zilizofuata watu waliita mafundi. Wallahi. Kebo imekatika chini ya bahari, na mtu hapa Ndia Kuu abadilishiwa adapta! Mimi sikuwa na la kufanya kwa sababu video zangu hazipandi, nikakaa na ile kompyuta nikasema leo nataka kujua nani hasa mgonjwa, sisi au dunia.

Nikaurudisha waya kwenye ile kadi iliyokufa. Taa zikawaka kama siku ya kwanza. Hapo ndipo nilipojiona mjinga. Taa ile haiwashwi na kompyuta peke yake. Yawaka kwa sababu kadi na ruta zimeshasalimiana ndani ya waya. Kadi iliyokufa haimwamkii mtu. Kama yule fundi wa kwanza angeinama tu akatazama mgongo wa mashine, shilingi 7,800 zingebaki kwetu.

Nikafungua lile dirisha jeusi la maandishi. Waandika cmd kwenye kisanduku cha kutafutia, wabonyeza, hakuna uchawi. Nikaandika ipconfig. Ile adapta ya kidole ilikuwa na anwani inayoanza 192.168.100, na lango lake, yaani ruta yetu, ni 192.168.100.1. Ile kadi ya ndani ilikuwa na 192.168.0.25, na lango 192.168.0.1. Mlango huo kwetu haupo. Ni mlango wa ile saiba! Mwenye saiba alikuwa amezipa mashine zake anwani za kudumu kwa mkono, moja hadi mwisho, na alipouza hakufuta. Kompyuta yetu ilikuwa imekaa Ndia Kuu miezi mitano ikibisha hodi kwenye nyumba iliyofungwa.

Kuirekebisha kulichukua muda mfupi kuliko kuandika aya hii. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika ncpa.cpl, ingia. Utaona adapta zako zote zimepangwa, ya waya na ya waifai. Bonyeza kulia kwenye ya waya, chagua neno la mwisho kabisa chini, kisha tafuta ule mstari wa itifaki unaoishia na namba 4, uubonyeze mara mbili. Hapo kuna viduara. Vya juu, vyote viwili, ndivyo vinavyoiambia kompyuta ijiombee anwani yenyewe kwa ruta. Chagua hivyo, kubali, kubali. Mimi nilipobonyeza mara ya mwisho, ile alama ya dunia iliyokatazwa pale pembeni ikageuka.

Na ukiona anwani yako yaanza na 169.254, usihangaike na viduara. Hiyo maana yake kadi imeomba anwani, hakuna aliyeitika, ikajipa yenyewe. Tazama waya, tazama ruta imewaka, badilisha tundu. Hapa kwetu pwani hewa ina chumvi, na vile vimeno vya shaba ndani ya tundu hushika kutu ya kijani. Mara nyengine kuchomeka na kuchomoa mara tatu nne kwatosha.

Kuna kipimo kimoja nataka kila nyumba ikijue kama wajuavyo kuangalia tokeni za stima. Andika ping, kisha anwani ya lango lako. Likijibu, ndani ya nyumba yako hakuna mgonjwa. Kisha andika ping 8.8.8.8, ambayo ni mashine ya Google huko nje. Lango likijibu na hiyo isijibu, tatizo liko nje: piga simu kwa waliokuuzia intaneti, usiite fundi. Lango lisipojibu, hapo ndipo tatizo liko kwako. Maneno mawili tu. Siku ile ya Mei yangeokoa pesa za watu wengi hapa mtaani, na yangewakera mafundi wengi pia.

Haya, kadi imepona. Lakini waya ulikuwa mfupi na kompyuta ya watu iko chumba cha nyuma. Na hapa nakuja kwenye ugomvi wangu wa pili, ambao ni na ukuta.

Wanaoniandikia kutoka Nairobi huniambia, "Si ununue tu adapta nzuri, kwetu yashika hadi kwa jirani." Ndugu zangu, kwenu ukuta ni wa tofali moja. Kwetu ukuta ni mawe ya matumbawe na chokaa, unene wake kama nusu mita, pengine zaidi. Tena waliojenga nyumba hizi waliezeka dari kwa boriti za mikoko, na boriti ya mkoko haivuki mbali, kiasi cha mita mbili na nusu hadi tatu basi. Kwa hivyo vyumba vikawa vyembamba na virefu, kimoja nyuma ya chengine. Kutoka barabarani hadi chumba cha mwisho, kila hatua chache una ukuta mnene mwengine. Na jiwe lenyewe lina vitundu, lanywa unyevu, na unyevu hula mawimbi ya redio. Watu wale walikuwa wakizuia joto. Walifanikiwa. Waifai nayo yazuilika vile vile.

Kwa hivyo antena mbili, tatu, hata kumi, hazisaidii kitu mbele ya kuta tatu za aina hiyo. Ni kumpigia mtu kelele aliye ndani ya Fort Jesus.

Jambo hili lanikera kwa sababu ya pale tulipo. Kebo ya TEAMS, iliyovutwa chini ya bahari kutoka Fujairah kule Umoja wa Falme za Kiarabu, ilifika hapa Mombasa katikati ya 2009. SEACOM ikawashwa Julai mwaka huo huo. EASSy ikafuata 2010. Kabla ya hapo sehemu hii yote ya Afrika ilikuwa ikitegemea setilaiti, polepole na kwa bei ya kuumiza. Mombasa ndio mlango ambao intaneti iliingilia Kenya kutoka baharini. Imesafiri maelfu ya kilomita kwenye maji ya chumvi bila kulalamika, imefika hadi chumba chetu cha mbele, ikashindwa mita kumi na nane za mwisho. Mita kumi na nane! Nilizipima.

Nilinunua waya wa mita 30, ukiwa tayari umekazwa vichwa, shilingi 1,200. Waya kama huo waruhusiwa kwenda hadi mita 100 bila shida, kwa hivyo usiogope nyumba yako ni ndefu. Sikutoboa ukuta. Nasema hili kwa nguvu kwa sababu nawajua watu wetu na mashine zao za kutobolea: Mji wa Kale ni eneo la hifadhi, na hata kama lisingekuwa, ukuta wa chokaa wa zama hizo ukishautikisa ovyo utamwaga vumbi hadi wajukuu zako. Nyumba zetu nyingi zina matundu ya hewa juu ya milango. Waya ukapita hapo. Ukafuata boriti za ukumbini, nikaufunga kwa vifungo vya plastiki bila kupiga msumari hata mmoja, ukashuka pembeni ya mlango wa mdogo wangu. Jambo moja tu: usiufunge pamoja na waya wa stima. Uache mbali kidogo, na ikibidi wakutane, wapishane kama msalaba.

Mamangu alisema umeharibu nyumba. Alisema hivyo kwa muda wa wiki moja. Siku hizi ametundika tasbihi yake kwenye kifungo kimoja.

Najua mtasema si kila mtu aweza kuvuta waya. Kuna mpangaji ambaye mwenye nyumba hataki kuona kitu. Kuna ruta ambayo iko kwa shangazi ghorofa ya chini mnachangia. Sawa. Basi hiyo adapta ya kidole itumie kwa akili. Usiichomeke nyuma ya kompyuta, kwa sababu pale imejificha baina ya ukuta na sanduku la chuma. Tafuta waya mfupi wa kurefusha USB, uilete juu ya meza, au uitundike karibu na mlango. Na ruta yako ikirusha majina mawili, jiunge na lile la 2.4, si la 5. La 5 lina kasi, lakini ukutani lachoka mapema. Zile ruta za kupokezana zinazouzwa siku hizi ni nzuri pia, ila nazo zikizungumza kwa hewa tu kupitia matumbawe, umenunua tatizo lile lile kwa bei kubwa zaidi. Ziunganishe kwa waya.

Na kuna wale waliokwama hata kabla ya hapo. Umeweka Windows upya, kompyuta haioni adapta yoyote, yataka draiva, na draiva iko mtandaoni, na mtandao huna. Hapo mafundi hula pesa kweli kweli. Chukua simu yako ya Android, ichomeke kwa waya ule wa kuchajia, ingia kwenye mipangilio ya kugawa mtandao, washa ya USB. Kompyuta huiona simu kama kadi ya mtandao, na mara nyingi haitaki kuwekewa chochote kwanza. Ukipata intaneti hapo, iache Windows ijitafutie draiva ya kadi yako halisi, kisha chomoa simu. Kama una bando la megabaiti chache litatosha, ila zima kwanza masasisho mengine, la sivyo litaliwa kabla hujapepesa.

Sasa nirudi kwa mafundi, maana nimewasema na mimi si mtu wa kusema nusu.

Yule wa kwanza sidhani alikuwa mwizi. Nilikutana naye baadaye nikamweleza kuhusu anwani ya saiba. Akacheka, akaniambia neno ambalo limenikaa. Alisema, "Mimi nikikaa kwenu saa nzima, nikabadilisha namba mbili, nikasema nipe mia tano, mamako atanipa?" Nikanyamaza. Hatampa. Mamangu atasema hakufanya kitu, amebonyeza bonyeza tu. Lakini mia kumi na tano ya kile kidole alitoa bila kuuliza, kwa sababu kidole ameshakishika mkononi.

Hapo kosa ni letu. Twalipa kitu, hatulipi jicho. Fundi naye ana kodi ya nyumba, kwa hivyo anauza kitu. Na kila kitu kinachouzwa kimekuja kwenye kontena, kitakufa, kitatupwa, na droo zetu zimejaa vidole vya plastiki. Kama wataka fundi akuangalilie, mwambie kabla hajavua viatu: nakupa mia tano ya kuangalia, ununuzi tutazungumza baadaye. Nimeshuhudia mara mbili jinsi macho ya fundi yanavyofunguka ukimwambia hivyo.

Na nyinyi mafundi wenzangu wa rika langu, nitajie bei yako ya kuangalia. Iandike. Ibandike ukutani. Nitakutangaza bure.

Mdogo wangu? Ile akaunti haikurudi. Ameanza na kampuni nyengine, kutoka chini, alama sifuri, kazi za dakika tano tano ambazo mwanzo alikuwa hazitazami. Waya haujakatika hata siku moja tangu niuvute, isipokuwa stima ikipotea, na hiyo ni makala nyengine na ugomvi mwengine.

Jumamosi hii baada ya Alasiri nitakuwa kwenye baraza yetu hapa hapa Ndia Kuu, na yale masalio ya waya, mita kumi na mbili. Wewe mwenye kompyuta isiyoshika, njoo na picha mbili kwenye simu: moja ya taa za nyuma, moja ya kile kilichoandikwa baada ya ipconfig. Kuangalia ni bure kwa wazee na wanafunzi, wengine mia mbili. Adapta mpya usije nayo.